Supu ya Siam kwa Dada Aliyejifungua

Mimi ndiye mtu wa kwanza wa milima ya Uluguru kupika supu ya nazi ya Siam. Sisemi mmoja wa watu wa kwanza. Nasema wa kwanza. Kama yupo aliyenitangulia, ajitokeze, aseme alijifunzia wapi na kwa nani, nami nitamuuliza maswali mawili tu kuhusu tui, tutajuana.

Sikurithishwa upishi na mtu. Nilishuka mlimani na mzigo wa Mdachi mmoja kichwani, nikafika Dar es Salaam na nguo niliyovaa, nikaanza kwa kusugua masufuria nyuma ya nyumba yake. Herufi za Kizungu nilijifunza kwenye makopo: kopo la njegere, kopo la samaki, kopo la maziwa. Waliokuja baadaye walikaa darasani kwenye mabenchi. Mimi nilisomea kwenye jaa. Kutoka masufuria nikapanda kumenya viazi, kutoka viazi nikapanda kukaanga, na kutoka hapo nikaingia jikoni mwa meli, ambako hata jiko linapoyumba chungu hakimwagiki kama mpishi ni mpishi.

Meli ndiyo iliyonipeleka Siam. Mtambo wake uliharibika tukiwa Bangkok, nasi tukakaa hapo miezi tukingoja chuma kutoka Ulaya. Wenzangu walilala mchana kutwa. Mimi nilivuka mfereji uliokuwa nyuma ya gati, nikamkuta mama mmoja akiuza supu kwenye mtumbwi. Hakujua neno langu hata moja, nami sikujua lake. Nilimtwangia viungo vyake siku nzima bila kuombwa. Siku ya pili akaniachia mchi kabla sijaunyoosha mkono. Nilipoondoka Bangkok nilijua kuipika ile supu nikiwa nimefumba macho: nazi, mchaichai, tangawizi, majani ya ndimu, uyoga, mboga za siku hiyo, pilipili, na ndimu yenyewe mwisho kabisa, sufuria ikishatoka motoni.

Baadaye, katika bandari moja kubwa ya Ulaya, nilitahiniwa na wapishi watatu wenye masharubu, nikapewa diploma ya upishi wa melini. Karatasi nzito, muhuri mwekundu, jina langu kwa wino. Mtu mweusi mle chumbani nilikuwa peke yangu, na wa pili kwa alama nilikuwa mimi. Aliyekuwa wa kwanza alikuwa mpwa wa mmoja wa wale wenye masharubu. Naliandika hilo kama lilivyo.

Nilirudi Morogoro kwa garimoshi, si kwa miguu kama nilivyoondoka. Reli ilikuwa imefika mjini si zamani, na watu bado walikuja stesheni kutazama tu. Nikashuka na koti, viatu na sanduku la bati. Watu wakasogea kunipisha, wengine wakinidhania karani wa boma. Sikuwasahihisha.

Kabla sijamaliza kupokea salamu, shemeji yangu, mume wa mdogo wangu wa kike, akanipenyea katikati ya watu. Uso ulikuwa umemsawijika.

"Shemeji, karibu. Mungu amekuleta. Dada yako amejifungua."

"Alhamdulillahi! Wa kiume au wa kike?"

"Wa kike. Lakini mama yake hali chakula. Leo siku ya tano. Uji anautazama tu. Wamemchinjia kuku, kunusa mchuzi tu akatapika. Maziwa hayashuki, mtoto analia mpaka sauti imekuwa kama ya paka."

Hapo koti langu likawa zito. Kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mjomba ndiye mwenye kuulizwa. Mtoto akipata jina zuri, ni mjomba; akilala na njaa, pia ni mjomba. Nilikuwa nimezurura duniani miaka yote ile, na sasa kulikuwa na kitoto cha siku tano kule mlimani kinacholia, na mtu wa kuulizwa nilikuwa mimi. Nikamkabidhi shemeji sanduku, tukapanda.

Nyumba ya mama iko juu, mahali ambapo ukigeuka unauona mji wote umelala chini kama mkeka. Nilipofika, mama alinikumbatia, akalia kidogo, akacheka kidogo, akanishika viatu akaniuliza kama havinibani. Kisha akaniambia nisikaribie mlango wa ndani.

Ni lazima nieleze. Nyumbani kwetu mzazi ana moto wake. Moto huo unawashwa siku anayojifungua na hauzimwi mpaka atoke nje na mtoto. Hakipikwi juu yake chakula cha mtu mwingine, na mwanamume haukaribii, awe mume, awe kaka, awe na diploma au asiwe nayo. Mwenye moto ni mkunga, na mkunga wetu alikuwa bibi yangu, mdogo wake marehemu bibi mzaa mama. Alikuwa mfupi, mkavu, na mwenye meno yote.

"Shikamoo, Bibi," nikasema nje ya ukuta wa fito.

"Marahaba, mume wangu. Umerudi? Nilidhani umeoa samaki."

"Nimerudi, na nimerudi na dawa ya dada."

"Dawa gani?"

"Supu. Ya nazi na mboga, haina nyama wala harufu ya kuku. Inampa mtu nguvu mpaka kwenye kucha. Nimejifunza Siam, Bibi. Nina karatasi."

Kisha kikasikika kilio cha mtoto, chembamba, cha mtu anayelia kwa desturi tu maana ameshakata tamaa ya kujibiwa. Na sauti ya dada, dhaifu kuliko nilivyoizoea: "Kaka, umefika?" Nikajibu nimefika. Akasema, "Mdomo wangu mchungu, kaka. Kila kitu kina ladha ya majivu."

Bibi akatoka mlangoni akaniangalia kuanzia viatu kwenda juu.

"Sikiliza, mpishi wa merikebu. Sharti langu ni moja. Kitu ambacho sijauona mti wake hakiingii kinywani mwa mzazi wangu. Wamenijia watu hapa na unga wa dukani, na majani makavu, na chupa. Wote nimewarudisha. Sijui vimetoka kwenye mti gani, vimechumwa na nani. Ukitaka kumlisha, nioneshe miti yake."

"Miti yote?"

"Kwani wewe unalisha nusu?"

Shemeji alinivuta pembeni akaninong'oneza kwamba tumpikie kwa jirani, tumpe kwa siri. Nilikataa. Mtu aliyetahiniwa na masharubu matatu hapiki kwa kujificha. Isitoshe, Bibi alimwonjea mzazi kila kitu kwanza kwa mdomo wake mwenyewe. Siri isingefika hata kizingitini.

Basi nikavua viatu, nikashuka.

Tangawizi ilikuwa rahisi, inalimwa kule kule kwetu. Niling'oa shina zima na majani yake. Mdimu ulikuwa kwenye shamba la mama mdogo, nikakata tawi lote, likanichana mkono, nikalibeba begani kama bendera. Boga, nyanya chungu na majani ya maboga havikuhitaji kuoneshwa. Bibi alivijua tangu hajaota meno. Uyoga ndio kwanza ulikuwa umechomoza kwenye vichuguu baada ya mvua, na mama akasema atauchuma mwenyewe maana wa kutoka melini huchuma wenye sumu.

Mchaichai ulinisumbua. Wakati ule haukuwa umeenea kama leo. Nilijua mahali pamoja tu ulipokuwa ukiota: bustani ya Mdachi mmoja karibu na Kilakala, aliyeupanda kando ya mtaro ili udongo usichukuliwe na maji. Mtunza bustani wake alikuwa mzee wa ukoo wetu. Nikamsalimu, nikamweleza, akanitazama kama niliyerukwa na akili.

"Unataka majani ya kuzuia mtaro, ukamlishe mzazi?"

"Nataka kichaka kizima, mzee wangu, na mizizi."

"Bwana akiniuliza?"

"Mwambie mtaro umekula."

Akacheka mpaka akakaa chini, na akanichimbia kichaka mwenyewe kwa jembe lake. Nikakipakata kama mtoto, udongo ukinidondokea kwenye suruali niliyoshonewa Ulaya.

Ikabaki nazi. Nazi zilikuwepo mjini, zilikuja kwa garimoshi kutoka pwani na kuuzwa kwenye duka la Mhindi mmoja karibu na stesheni. Nikachukua mbili zilizojaa maji, nikachukua na mbuzi, kile kibao cha kukalia chenye ulimi wa chuma cha kukunia nazi, maana kule juu hakuna aliyekuwa nacho. Lakini mti? Mnazi wa karibu niliokuwa nimeuona kwa macho yangu ulikuwa mwendo wa siku nyingi kwa miguu. Nilisimama mbele ya duka na tawi la ndimu begani, kichaka mkononi na nazi kwapani, nikaona mpango wote unakwama. Bibi angekubali vyote na kukataa hiki, na bila nazi ile si supu ya Siam, ni maji ya mboga, ambayo dada alikuwa ameshayatapika.

Mwenye duka alinishauri ninunue maziwa ya kopo. Nikamwambia kuwa nimesomea makopo kabla yeye hajafungua duka, na kwamba hakuna kopo linalopita pale kwa Bibi.

Wakati wa kupanda nilitunga hotuba. Ningeueleza mnazi tangu mizizi mpaka ua. Mimi ni msemaji. Melini walinipa kazi ya kusuluhisha ugomvi kwa sababu hiyo. Nilipofika uani, nikaviweka vitu vyangu kimoja kimoja mbele ya mlango. Bibi akavishika, akaking'ata kipande cha mchaichai, akatafuna, akatema, akatafuna tena.

"Hiki hakina ubaya. Kinanukia kama ndimu iliyolala kwenye nyasi. Hiki nakijua. Hiki nakijua. Na hilo dude lenye ndevu?"

"Hiyo ndiyo nazi, Bibi. Mti wake uko mbali, siwezi kuubeba. Lakini nitakuchorea."

Nikachukua kijiti, nikapiga magoti kwenye vumbi. Nikachora shina, nikamweleza jinsi linavyopinda na kunyooka tena, jinsi lisivyo na matawi, jinsi nazi zinavyoshikana shingoni. Nikachora makuti. Nikaeleza kwamba watu wa pwani hawana mti wa thamani kuliko huo, wanaujengea, wanaunywa, wanaulalia. Majirani wakawa wamekusanyika, nami nikapaza sauti kidogo. Nilikuwa naendelea vizuri kabisa.

Bibi akainama juu ya mchoro, mikono mgongoni.

"Umesahau makuti makavu," akasema.

"Yapi, Bibi?"

"Yale ya chini, yanayoning'inia na kuanguka usiku ukashtuka ukadhani mwizi. Na shina umelifanya nene, hilo ni la mbuyu. Mnazi mwembamba, una alama za pete, ndimo wanamokanyaga wakwezi."

Nikabaki nimeshika kijiti. Mama alikuwa amejifunika mdomo kwa khanga, mabega yakimtetemeka.

"Bibi, wewe umeuonea wapi mnazi?"

"Bagamoyo. Babu yako alikuwa mpagazi, nami nilimfuata na msafara, nikakaa huko mvua tano. Kwenye nyumba ya Mwarabu mmoja Mshihiri nilikuna nazi kila siku ya Mungu. Wewe hujazaliwa. Mama yako mwenyewe alikuwa hajatambaa."

"Mbona hukuniambia tangu asubuhi?"

"Uliniuliza? Umefika hapa na karatasi, unanifundisha. Nikasema acha mume wangu achore, anachora vizuri."

Ua mzima ukapasuka kwa kicheko. Shemeji alicheka mpaka akaegemea ukuta, na nilimsikia hata dada ndani akicheka, kicheko kifupi chenye kikohozi, lakini kicheko. Nami nikacheka. Sikuona aibu, mtu wa safari humheshimu mtu wa safari, na hakuna aliyejua pale zaidi yangu thamani ya mvua tano Bagamoyo.

Basi supu ikaanza kupikwa, na nilifanya kazi ambayo hakuna mpishi wa meli aliyewahi kuifanya: nilipika kwa mdomo. Nilikaa nje, mgongo kwenye ukuta wa fito, jicho kwenye upenyo. Ndani Bibi alikalia mbuzi akakuna nazi kwa kasi iliyonitia wivu, nazi ikidondoka nyeupe kwenye sinia. Chujio la nazi hatukuwa nalo. Akatumia kung'uto la pombe la jirani, baada ya kuliosha mara tatu kwa maji ya moto huku akisoma bismillahi.

"Ponda mchaichai upande mweupe, Bibi, ufunge fundo, utie."

"Nimetia."

"Tangawizi vipande vyembamba. Majani ya ndimu yachane kwa mkono, usikate kwa kisu."

"Kwa nini?"

"Yakikatwa kwa kisu harufu inabaki kwenye kisu."

Nikasikia yanachanwa. Hapo nilijua ninaheshimiwa.

"Sasa mwaga tui lote, zito na jepesi, chochea moto, liache litokote mpaka mafuta yaelee juu."

"Nini?"

"Litokote mpaka lipasuke. Ndivyo wanavyofanya Siam."

"Tui likatike kwa makusudi?" Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyetukaniwa mzazi. "Yule Mshihiri angenirudisha kwetu kwa miguu. Tui likikatika, tumbo la mzazi linakatika nalo. Mboga ziive kwenye tui jepesi. Zito mwisho, na halichemki, linapashwa tu."

"Bibi, mimi nimetahiniwa."

"Na mimi nimezalisha mlima huu mzima, wewe ukiwamo. Ulitoka ukitanguliza miguu, ukipiga kelele kama sasa."

Hatukukubaliana, na mimi mpaka leo nashikilia kwamba mafuta yakielea supu inakuwa na sura nzuri. Lakini moto ulikuwa wake. Nilimwona kupitia upenyo akichota tui kwa upawa na kulimimina tena kutoka juu, akachota na kumimina, bila kuchoka, mpaka mchuzi ukawa laini kama hariri na boga likalegea. Uyoga aliutia nusu mzima nusu uliochanwa. Pilipili alizitupa nje mlangoni, zikaniangukia miguuni. Juisi ya ndimu pia aliikataa. Alisema uchachu humfunga mzazi. Nilikuwa tayari kuanza mabishano mengine, maana bila ndimu ladha haina ncha, lakini ndipo harufu ikafika.

Sijui nielezeje. Harufu ya mchaichai na tui ikapita kwenye fito, na nyumba yetu ya udongo ikanukia kama ule mtumbwi kwenye mfereji. Majirani waliokuwa wakicheka wakasogea ukutani.

Na dada akasema, "Hiyo ni nini?"

Bibi alichota, akapuliza, akaonja yeye kwanza kama ilivyo sheria. Akafumba macho. Akaonja tena, jambo ambalo sheria haidai. Kisha akamimina kwenye kibuyu kilichokatwa, akaenda nacho kitandani.

Nilihesabu mikupuo kwa kusikiliza. Wa kwanza ulikuwa wa kumridhisha Bibi. Wa pili ulichelewa. Shemeji alikuwa amenishika mkono kule kule nilikochanwa na miiba, na mimi sikumwambia. Kisha ukaja wa tatu, na wa nne, na baada ya hapo sikuweza kuhesabu, maana ulikuwa mlio wa mtu anayekunywa kwa haraka.

"Mna boga jingine humo?" dada akauliza. "Na uyoga. Nipe uyoga."

"Utatapika," mama akasema kwa hofu.

"Sitapiki. Mama, nina njaa."

Mama alitoka nje akasimama katikati ya ua bila kuniangalia, akapangusa macho kwa ncha ya khanga, kisha akaniambia nile kitu na mimi, nimekonda, huko Siam hawali?

Dada alikula vibuyu vitatu siku ile na viwili asubuhi iliyofuata. Bibi alisema ni kazi ya kumimina tui kutoka juu. Nilisema ni kazi ya mchaichai. Tulibishana hivyo mpaka adhuhuri, tukiwa tumetenganishwa na ukuta, tukifurahi sana wote wawili. Kichaka changu alikichukua, akakipanda nyuma ya nyumba bila kuniomba.

Ilipofika alasiri nilikuwa uani na shemeji na wanaume wengine watatu. Nilikuwa nawasimulia kuhusu Bangkok. Nilikuwa nimefika pale ambapo mama muuza supu ananiachia mchi, na nilikuwa nimesimama ili nioneshe jinsi mtumbwi unavyoyumba mtu akitwanga ndani yake, wakati kilio cha mtoto kilipokatika ghafla ndani ya nyumba.

Wote tukageuka.

Kilichofuata kilikuwa sauti ndogo: kumeza, kumeza, pumzi, kumeza. Kama mtu mdogo sana anayekunywa akiwa na haraka ya kwenda mahali. Iliendelea kwa muda mrefu. Mara moja akapaliwa, Bibi akasema, "Taratibu, mama, hakuna anayekunyang'anya," naye akaanza tena.

Shemeji alikaa chini palepale kwenye vumbi. Mimi nikapata maneno yangu tena, nikawaambia wale wanaume kwamba hilo ndilo tui, hayo ndiyo matokeo, na kwamba Siam hata wazee—

Mama akatokeza kichwa mlangoni.

"Baba," akaniambia kwa kunong'ona, "nyamaza. Mpwa wako ameshiba, amelala."

Nikanyamaza.